Hesabu za hitilafu kwenye mifumo ya umeme: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mafundi wa laini, waendeshaji wa vituo vya kupoza umeme na wanafunzi wa uhandisi wanaoshughulika na msongo wa kilovoti 33 na 11, ambao ndio unaosambaza umeme sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Kituo kimoja cha mfano kinatumika tangu mwanzo hadi mwisho, ili namba zilizopatikana kwenye swali moja zitumike kwenye jingine. Kalamu na kikokotoo cha kawaida vinatosha kuzifuata.

Hitilafu inatofautianaje na laini kuzidiwa?

Laini iliyozidiwa inapitisha mkondo mahali pake, ila ni mwingi mno. Hitilafu ni mkondo kupita pasipo pake: fezi imegusana na fezi, au imefika ardhini kupitia tawi, kikombe (kihami kinachoshikilia waya kwenye nguzo) kilichopasuka, nguzo iliyolowa au waya ulioanguka. Laini iliyozidiwa huwa na dakika, hata saa kadhaa, kabla ya kuharibika. Shoti ya fezi tatu karibu na kituo haikupi hata sekunde moja.

Kuna tofauti nyingine inayotusaidia. Mkondo wa mzigo unaamuliwa na wateja, na hakuna ajuaye watawasha nini kesho. Mkondo wa hitilafu unaamuliwa na msongo na impidansi (upinzani wote dhidi ya mkondo) ya njia yote, kuanzia jenereta hadi pale palipogusana. Vitu hivyo tunavijua, kwa hiyo mkondo huo unahesabika kabla haujatokea.

Tunahesabu ili tupate nini?

Namba mbili, wala si moja. Ya kwanza ni mkondo mkubwa kuliko yote unaoweza kutokea: huo ndio utakaochagua brekari (swichi kubwa inayokata hitilafu), basiba (reli ya chuma inayounganisha laini kituoni), kebo na transfoma za mkondo (zinazopunguza mkondo ili upimwe). Ya pili ni mkondo mdogo kuliko yote, mwishoni kabisa mwa laini: huo ndio utakaoonyesha kama rilei (kifaa kinachopima mkondo na kuiamuru brekari ifungue) au fyuzi itaiona hitilafu. Ripoti nyingi hujaza kurasa kwa namba ya kwanza na kuipita ya pili kwa mstari mmoja. Tunaona hilo ni kosa kubwa, kwa sababu mkondo mkubwa huvunja vifaa na karibu kila mara hukatwa haraka, ilhali mkondo mdogo huacha waya wenye umeme umelala njiani huku kituoni kila kitu kikionekana sawa.

Ni hitilafu zipi hutokea zaidi?

Kwenye laini za juu, fezi moja kwenda ardhini ndiyo inayoongoza kwa mbali. Fezi mbili kugusana hufuata, mara nyingi upepo ukiyumbisha nyaya zilizolegea au tawi likilala juu yake. Fezi tatu kwa pamoja ni nadra, na mara nyingine chanzo chake ni mtu kusahau kuondoa ethi za muda (nyaya za kuunganisha laini na ardhi) alizoziweka wakati wa kazi. Tunaihesabu hata hivyo, kwa kuwa ndiyo rahisi na ndiyo inayotoa kipimo cha uimara wa mfumo.

Vyanzo hufuata mahali. Pwani, kuanzia Mombasa hadi Tanga, Dar es Salaam na Unguja, chumvi ya bahari hujikusanya juu ya vikombe kiangazi kizima. Ukungu wa alfajiri au manyunyu mepesi yakiilowesha, mkondo hutambaa juu ya kikombe na kuruka. Mvua kubwa, kinyume na wengi wanavyodhani, huviosha na kuleta nafuu. Kwa hali kama hiyo kikombe cha laini ya kilovoti 33 huhitaji njia ndefu ya kutambaa: milimita 31 kwa kila kilovoti ya msongo wa juu wa kifaa, yaani takriban 1,116 kwa kifaa cha kilovoti 36. Bara, miti, ndege, nguzo za mbao zilizooza na wanyama ndio wasumbufu. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru kwenye mto Tana. Zaidi ya MW 180 zilipotea na Kenya ikakosa umeme nchi nzima. Hitilafu yenyewe ilikuwa ya mahali pamoja. Kilichoangusha gridi ni uzalishaji uliopotea ghafla, mashine nyingine zikazidiwa na kutoka moja baada ya nyingine.

Nikusanye taarifa gani kabla ya kuanza?

Kiwango cha hitilafu cha chanzo, yaani nguvu ambayo gridi inaweza kusukuma kwenye hitilafu, kwa MVA (megavolti-ampia), ambacho mwendeshaji wa gridi hukitoa kwa kila basiba. Kibao cha transfoma: MVA, impidansi kwa asilimia, na kundi la muunganiko kama Dyn11 (koili za delta upande wa juu, za nyota upande wa chini, na nyutro, kitovu cha nyota, ikitolewa nje). Aina ya waya na urefu wake kwa kila kipande, maana laini nyingi zimeunganishwa kwa awamu na waya hubadilika katikati. Namna nyutro ya transfoma ilivyofika ardhini. Uwiano na daraja la transfoma za mkondo.

Kibao kisomwe kwa macho. Kuandika asilimia 10 kwa sababu "transfoma za ukubwa huu huwa hivyo" kunaweza kupotosha jibu kwa moja ya tano.

Hesabu yenyewe inafanywaje? Nipe mfano.

Kituo chetu kina basiba ya kilovoti 33 yenye kiwango cha hitilafu cha MVA 500. Kuna transfoma moja ya MVA 15, 33/11, Dyn11, impidansi asilimia 10, nyutro ya upande wa kilovoti 11 imeingia ardhini moja kwa moja. Fida moja, yaani laini ya kusambaza umeme, inatoka kwa waya wa alumini wenye kiini cha chuma, milimita za mraba 100, ambao mafundi wanaujua kwa jina la Dog.

Tunatumia hesabu za pa-yuniti, yaani kila impidansi inaandikwa kama sehemu ya impidansi ya msingi mmoja. Faida yake ni kwamba transfoma haikusumbui tena: huhitaji kuhamisha omu kutoka upande wa 33 kwenda upande wa 11. Tuchague msingi wa MVA 100. Kwenye kilovoti 11, mkondo wa msingi ni 100,000 ÷ (1.732 × 11) = ampia 5,249, na impidansi ya msingi ni 11² ÷ 100 = omu 1.21.

Chanzo: 100 ÷ 500 = 0.2.
Transfoma: 0.10 × 100 ÷ 15 = 0.667.
Jumla hadi basiba ya kilovoti 11: 0.867.

Mkondo wa fezi tatu kwenye basiba ni 5,249 ÷ 0.867, takriban ampia 6,060. Kwa mkondo wa juu kabisa, kanuni za IEC 60909 huongeza msongo kwa kizidisho cha 1.1 kwenye misongo inayozidi kilovoti 1, hivyo tunafika kama ampia 6,660. Angalia transfoma ilivyotawala: hata chanzo kingekuwa na nguvu isiyo na kikomo, mkondo usingepita 5,249 ÷ 0.667, yaani ampia 7,870. Hiyo ni njia ya haraka ya kujikagua. Jibu lolote linalozidi hapo kabla ya kizidisho cha 1.1 lina kosa ndani yake.

Mkondo unapunguaje kadiri ninavyokwenda mbali na kituo?

Kwa kasi kubwa. Waya wetu una ukinzani wa omu 0.273 kwa kilomita, na riaktansi (upinzani unaoletwa na sumaku ya mkondo unaobadilika) tunaichukua kuwa 0.35. Kwa kilomita 10 tunapata omu 2.73 na 3.5, gawanya kwa 1.21 upate 2.26 na 2.89. Ukinzani na riaktansi havijumlishwi kama fedha. Riaktansi yote ni 2.89 + 0.867 = 3.76, kisha kipeo cha pili cha kila kimoja, jumlisha, tafuta kipeuo: 4.39. Mkondo ni ampia 1,196.

Kutoka 6,060 hadi 1,196 ndani ya kilomita kumi. Fezi mbili zikigusana hapo hapo, mkondo ni 0.866 ya huo, yaani 1,036.

Sasa tuiendeleze fida hadi kilomita 40, urefu usio wa ajabu vijijini. Jumla inakuwa 15.37, fezi tatu ampia 341, fezi mbili ampia 296. Kama rilei ya kituoni imewekwa ianze kuhesabu kwenye ampia 300, nyaya mbili zinaweza kuungua pamoja kule mwisho na rilei isitingishike. Kushusha namba ya rilei hakufai, kwa sababu mzigo wa jioni utaanza kuitoa laini. Dawa ni rikloza (brekari ya nguzoni inayojirudisha yenyewe) katikati ya njia yenye mpangilio wake mdogo, au kuipeleka sehemu hiyo kwenye kilovoti 33.

Mifuatano mitatu ni nini, na kwa nini siwezi kuikwepa?

Hitilafu isiyo ya fezi tatu huvuruga ulinganifu, na hesabu ya fezi moja kuwakilisha tatu haifanyi kazi tena. Mwaka 1918 Charles Fortescue alionyesha kwamba mikondo mitatu isiyolingana inaweza kuvunjwa kuwa makundi matatu yanayolingana: mfuatano chanya, unaozunguka kama kawaida, hasi, unaozunguka kinyume, na sifuri, ambamo fezi zote tatu zinakwenda pamoja kwa wakati mmoja. Kila kundi lina impidansi yake: Z1, Z2 na Z0.

Kwa laini na transfoma Z1 na Z2 ni sawa. Z0 ndiyo yenye mambo, kwani mkondo unaokwenda pamoja kwenye fezi zote lazima urudi kwa njia nyingine, ama ardhini ama kwenye nyutro. Pasipo njia hiyo, haupiti. Koili za delta za upande wa 33 hazina nyutro, kwa hiyo hitilafu ya ardhi upande wa 11 haivuti mfuatano sifuri kutoka gridi; unazunguka ndani ya delta na kuishia humo. Ndiyo sababu katika Z0 ya basiba yetu kuna transfoma peke yake, bila chanzo.

Fomula za kukumbuka, V ikiwa msongo wa fezi:
Fezi tatu: V ÷ Z1
Fezi mbili: 1.732 × V ÷ (Z1 + Z2)
Fezi moja na ardhi: 3V ÷ (Z1 + Z2 + Z0 + 3Rf), Rf ikiwa ukinzani wa pale palipogusana.

Ile 3 mbele ya Rf husahaulika mno. Ipo kwa sababu mikondo ya mfuatano sifuri ya fezi zote tatu hupita kwenye ukinzani uleule mmoja.

Nimepata mkondo wa ardhi mkubwa kuliko wa fezi tatu. Nimekosea?

Hapana. Kwenye basiba yetu: 0.867 + 0.867 + 0.667 = 2.4, na 3 × 5,249 ÷ 2.4 = ampia 6,561, zaidi ya zile 6,060. Hutokea karibu na transfoma ya Dyn yenye nyutro iliyoingia ardhini moja kwa moja. Basi brekari ichaguliwe kwa namba iliyo kubwa kati ya mbili.

Ukitoka nje kwenye laini hali inageuka. Mkondo ukirudi kwa njia ya ardhi, riaktansi ya mfuatano sifuri ni kubwa mara nne hivi. Tuchukue ukinzani wa omu 0.42 na riaktansi ya 1.5 kwa kilomita. Kwenye kilomita ya 10, hata mguso ukiwa kamili bila ukinzani wowote, mkondo wa ardhi ni ampia 713 tu.

Waya umeanguka chini na laini haikutoka. Inawezekanaje?

Hili ndilo swali tunaloomba lisomwe polepole.

Rudi kwenye kilomita ya 10. Waya ukigusa chuma kilichofukiwa vizuri ardhini, ampia 713 zinapita na rilei inafanya kazi. Tuweke ukinzani wa omu 20 pale palipogusana, mathalani udongo mweusi uliolowa: 3Rf ni omu 60, pa-yuniti 49.6, na mkondo unashuka hadi ampia 257. Tuweke omu 200: mkondo ni ampia 31. Mchanga mkavu, mawe au lami vinaweza kuwa na ukinzani mkubwa kuliko huo, na mkondo ukawa ampia chache tu.

Rilei ya ardhi ya fida kama hii mara nyingi huwekwa asilimia 20 ya transfoma ya mkondo ya 300/1, yaani ampia 60. Kwake, ampia 31 si hitilafu. Mwendeshaji kituoni anaona mzigo wa kawaida. Huku nje waya una volti 6,350 dhidi ya ardhi, unatoa cheche kidogo au hautoi kabisa, na watoto wanapita.

Hatua zinazosaidia ni hizi. Kwanza, rilei nyeti ya ardhi, ikilishwa na transfoma ya mkondo ya mviringo inayozunguka kebo za fezi zote tatu kwa pamoja. Ukijumlisha transfoma tatu za mkondo tofauti, makosa yao madogo hutengeneza mkondo wa uongo, na chini ya asilimia 10 huwezi kuiamini jumla hiyo. Ile ya mviringo hukuruhusu kushuka hadi ampia 5 au 10, kwa kuchelewesha sekunde kadhaa. Pili, hakikisha kama transfoma za wateja kwenye fida yote ni za delta upande wa juu. Zikiwa hivyo, mizigo isiyolingana ya volti 400 haileti mkondo wa nyutro kwenye kilovoti 11, na mpangilio mdogo hautasumbua. Palipo na transfoma za fezi moja zilizofungwa kati ya fezi na ardhi, ruhusa hiyo haipo. Tatu, rilei nyeti ikitoa laini, isirudishwe yenyewe. Kurudisha umeme kwenye waya uliolala chini ni kuupa nafasi ya pili ya kuua.

Hata hivyo kuna waya ulioanguka ambao hakuna rilei ya mkondo itakayouona, hasa ukidondokea upande wa mzigo. Kwa hiyo simu ya mwananchi ni sehemu ya kinga, na kituo cha simu kinachoichukulia kama malalamiko ya kawaida kinapoteza kinga hiyo. Anayepiga aambiwe akae angalau mita 10 mbali, azuie wengine, asiguse uzio wala maji yaliyokaribu. Aliyejikuta tayari yu karibu aondoke kwa hatua fupi za kuburuta miguu iliyobanana, kwa kuwa msongo hutofautiana kati ya unyayo na unyayo. Waya ukiangukia gari, walio ndani wabaki ndani.

Kuna haja ya kuweka kizuizi cha ukinzani kwenye nyutro?

Inategemea unaogopa nini zaidi. Kupunguza mkondo wa ardhi hadi ampia 400 kunahitaji 6,351 ÷ 400, takriban omu 16, kati ya nyutro na ardhi. Transfoma inaepuka mshtuko, kebo hazipasuki vibaya, na msongo unaojitokeza kwenye nguzo unapungua. Gharama yake ni kwamba fezi mbili zilizobaki hupanda kuelekea kilovoti 11 dhidi ya ardhi badala ya 6.35, kwa hiyo kinga-radi na vikombe vichaguliwe kwa msongo huo, na rilei za ardhi zirekebishwe. Kwenye mitandao ya kebo za mijini tunakiunga mkono. Kwenye fida ndefu ya vijijini yenye mchanga mkavu hakibadilishi sana yale ya swali lililotangulia, maana pale ukinzani wa mguso ndio unaotawala.

Rilei ya mkondo-muda inawekwaje kwa kutumia namba hizi?

Kwa mkunjo wa kawaida wa IEC, muda = TMS × 0.14 ÷ ((I/Is)^0.02 − 1). I ni mkondo wa hitilafu, Is ni mkondo ambapo rilei inaanza kuhesabu, na TMS ni kizidisho cha muda. Tuchukue Is ya ampia 300 na TMS 0.1.

Hitilafu ya ampia 6,060 karibu na kituo: uwiano 20.2, muda sekunde 0.23. Ya ampia 1,196 kwenye kilomita 10: uwiano 3.99, muda sekunde 0.50. Rilei ya brekari kuu ya transfoma lazima ingoje, kwa mkondo uleule wa 6,060, sekunde 0.3 hadi 0.4 zaidi ya rilei ya fida: brekari inahitaji muda wa kufungua, rilei zina makosa yake, na akiba kidogo ibaki. Ukibana pengo hilo, hitilafu ya fida moja itazima kituo kizima.

Kagua pia transfoma ya mkondo. Iliyoandikwa 300/1, 5P20, inaaminika hadi mara 20 ya 300, ampia 6,000, ikibeba mzigo wake kamili. Mkondo wetu wa juu ni 6,660. Rilei za kidijiti zina mzigo mdogo, hivyo kwa kawaida kuna nafuu, lakini nyaya nyembamba na ndefu kati ya uwanja na chumba cha rilei hula nafuu hiyo. Pima ukinzani wa nyaya hizo, usikisie.

Brekari ya kA ngapi inatosha?

Si kwa leo tu. Kituo kikiongezewa transfoma ya pili iliyo sawa na ya kwanza, na zikafanya kazi sambamba, Z1 inakuwa 0.2 + 0.333 = 0.533: fezi tatu ampia 9,840, na fezi moja na ardhi 3 × 5,249 ÷ 1.4 = ampia 11,250. Zidisha kwa 1.1 upate karibu kA 12.4. Brekari ya zamani ya kA 12.5 iliyokuwa na nafasi tele siku ya kwanza sasa iko ukingoni, na hakuna aliyeigusa. Chagua 25.

Tazama pia kilele cha mwanzo. Mkondo wa shoti huanza ukiwa umeegemea upande mmoja, na kwenye mfumo wa 50 Hz kilele chake huchukuliwa kuwa mara 2.5 ya thamani ya kawaida. Kwa kA 12.4 ni kA 31. Kilele hicho ndicho kinachokunja basiba na kuvunja vishikizo vyake. Brekari inayofungwa juu ya hitilafu nayo hukutana nacho.

Mbona fyuzi ya upande wa volti 400 haikukatika ingawa nyaya zimegusana?

Urefu wa laini, mara nyingi. Transfoma ya kVA 200 yenye impidansi ya asilimia 4 hutoa ampia 289 ikiwa na mzigo kamili, na 7,200 shoti ikitokea kwenye vituo vyake. Nenda mita 800 kwa waya wa alumini wa milimita za mraba 50: kwenda na kurudi ni omu 0.87 za ukinzani na karibu 0.48 za riaktansi, jumla takriban omu 1. Fezi ikigusa nyutro hapo, mkondo ni ampia 230. Fyuzi ya gG (ya matumizi ya jumla) ya ampia 200 inahakikishiwa kuungua kuanzia mara 1.6, yaani 320. Itaibeba hitilafu hiyo mpaka waya ulegee na kukatika wenyewe.

Fyuzi ya ampia 100 itakatika, ila kwa dakika. Suluhisho la kweli ni kusogeza transfoma karibu na wateja, au waya mnene zaidi. Anayebadilisha fyuzi kwa waya wa shaba uliosokotwa anafuta hata kinga hiyo ndogo.

Shoti ya upande wa chini huonekanaje upande wa juu wa Dyn11?

Fezi mbili zikigusana upande wa nyota, upande wa delta huonyesha mikondo kwa uwiano wa 1:1:2. Fezi moja hubeba mkondo mkubwa sawa na wa hitilafu ya fezi tatu, nyingine mbili nusu yake. Fezi moja ikigusa nyutro, upande wa juu huona fezi mbili na hauoni ardhi kabisa. Kwa hiyo usishangae fyuzi moja au mbili tu za nguzoni zikiwa zimedondoka, wala usitegemee rilei ya ardhi ya kilovoti 33 ilinde upande wa 11.

Radi inaingiaje kwenye hesabu hizi?

Huanza kama tatizo la msongo, kisha hugeuka hitilafu ya kawaida. Vifaa vya kilovoti 33 kwa kawaida huhimili pigo la kilovoti 170. Radi ya kA 20 ikishukia waya wa kinga juu ya nguzo yenye ukinzani wa ardhi wa omu 10, nguzo inapanda hadi kilovoti 200, na cheche inaruka kutoka nguzo kwenda kwenye fezi. Pigo lenyewe hudumu mikrosekunde, lakini njia ya hewa moto iliyoachwa hupitisha mkondo wa 50 Hz hadi brekari ifungue. Ndiyo maana katika maeneo ya Ziwa Viktoria na mashariki mwa Kongo, yenye radi nyingi mno, kupunguza ukinzani wa ardhi wa nguzo kunalipa kuliko kubadilisha vikombe pekee.

Laini imetoka. Nijaribu kuirudisha mara ngapi?

Soma rilei kwanza: fezi gani, mkondo kiasi gani, ya ardhi au la. Kwenye laini za juu hitilafu nyingi ni za kupita, na jaribio moja baada ya dakika chache linaeleweka. Likishindwa, usirudie. Kila jaribio ni shoti nyingine ndani ya transfoma, na kama kuna waya chini ni hatari kwa watu. Rilei nyeti ikiwa ndiyo iliyotoa, usijaribu hata mara moja kabla ya laini kukaguliwa.

Kisha tumia hesabu kinyume. Rilei imeandika fezi mbili, ampia 1,040? Kwa fida yetu hiyo ni jirani ya kilomita 10. Kagua kuanzia nane hadi kumi na mbili, pamoja na matawi yote yenye umbali huo. Kwa hitilafu ya ardhi makisio huyumba kwa sababu ya Rf. Mkondo mdogo unaweza kuwa wa mbali, au wa karibu ila wenye mguso hafifu. Rilei inayotoa umbali yenyewe itumie riaktansi, na kizidisho chake cha ardhi, (Z0 − Z1) ÷ 3Z1, kiwe cha laini hiyo. Kwa riaktansi zetu ni karibu 1.1. Kikiachwa kama kilivyotoka kiwandani, mafundi watatumwa kwenye nguzo zisizo na tatizo.

Pasipo kumbukumbu ya rilei, kata laini vipande kwa swichi za nguzoni: fungua ya katikati, rudisha nusu ya kwanza, endelea hivyo. Kabla ya yeyote kupanda, laini ikatwe, ifungiwe kufuli, ipimwe kuwa haina umeme, na ethi za muda zifungwe pande zote mbili za kazi.

Na kebo ya ardhini?

Hapo hitilafu ya kupita karibu haipo, kwa hiyo usiirudishe. Pima kwa mega (kipima insulesheni) ya kilovoti 5, fezi kwa ardhi na fezi kwa fezi, ujue ni fezi ipi na ukinzani gani. Ukinzani ukiwa mdogo, kifaa cha mwangwi hutuma mpigo na kupima muda wa kurudi. Kwenye kebo ya XLPE (yenye insulesheni ya plastiki) mpigo husafiri karibu mita 170 kwa mikrosekunde; ukirudi baada ya mikrosekunde 12, hitilafu iko mita 170 × 12 ÷ 2 = 1,020. Ukinzani ukiwa mkubwa, mashine ya mapigo ya msongo mkubwa hupasua hitilafu na fundi husikiliza mlio juu ya ardhi. Isiachwe ikipiga kwa saa nyingi, kwani huchosha insulesheni nzima iliyobaki.

Kebo inayolisha eneo zima peke yake haina nafasi ya makosa. Unguja ilikaa gizani takriban miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya njia yake ya kebo ya baharini kuharibika.

Kituo cha sola kinaongeza mkondo wa hitilafu kwa kiasi gani?

Kidogo kuliko watu wanavyotarajia. Jenereta ya MVA 50 yenye riaktansi ya awali ya 0.2 huweza kusukuma, kwenye kilovoti 33, ampia 4,370. Inveta za sola za MVA 50 hujizuia zenyewe kwenye mara 1.1 hadi 1.5 ya mkondo wake wa kawaida wa ampia 875, yaani hazizidi 1,310. Brekari zitashukuru. Rilei za mkondo, kwa upande mwingine, zinaweza kushindwa kutofautisha hitilafu na mchana wa jua kali, hasa kisiwa cha mtandao (kipande kilichotengana na gridi) kikibaki na sola peke yake. Kinga ya pale itazame pia kushuka kwa msongo.

Hesabu zirudiwe lini?

Kila transfoma inapoongezwa au kubadilishwa, fida inaporefushwa, swichi ya kuunganisha basiba inapoanza kufungwa kwa kudumu, na gridi inapopata chanzo kipya kikubwa. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mashine tisa za MW 235 kila moja, liliingiza nguvu mpya kwenye gridi ya Tanzania kupitia kilovoti 400 za Chalinze. Vituo vilivyo karibu na njia hiyo havina tena viwango vya hitilafu vilivyoandikwa kwenye michoro ya zamani. Mwandikie mwendeshaji wa gridi akupe viwango vipya, vya juu na vya chini vyote viwili, kisha anza tena na ule mstari wa kwanza: 100 gawanya kwa MVA ya chanzo.